Kinga ya Mwili Mbele ya Magonjwa ya Ngono: Somo kwa Mtumiaji wa Dawa na Vipimo

Katika manispaa kama yetu ya Morogoro, kwa wengi duka la dawa liko karibu na nyumba kuliko chumba cha tabibu. Mkazi wa Mwembesongo aonapo usaha au kidonda mahali pasipotajwa hadharani, mara nyingi hatua yake ya kwanza huelekea dukani, tena jioni, wateja wanapokuwa wamepungua. Hatumlaumu. Aibu ni mzigo mzito, na foleni ya zahanati haina pazia. Lakini anunuaye dawa bila kuelewa vita inayopiganwa ndani ya mwili wake hununua kwa kubahatisha, na kwa magonjwa ya ngono kubahatisha huko hulipiwa baadaye kwa mirija ya uzazi iliyoziba, kwa mtoto aliyezaliwa mfu, na kwa mwenzi aliyeambukizwa pasipo kujua.

Chini ya manunuzi mengi ya namna hiyo limelala swali moja, ambalo watu huliuliza kwa maneno tofauti: dalili zikitoweka zenyewe, je, si mwili umejiponya? Wakati mwingine ndiyo. Mara nyingi, katika magonjwa haya, siyo. Ili kuijua tofauti hatuna budi kuanza na mwili wenyewe.

Ukuta, walinzi na kumbukumbu

Kinga ya mwili si kitu kimoja kinachopanda na kushuka kama maji ndani ya pipa, ingawa ndivyo tunavyozoea kuisema. Ni mpangilio wa ngome, na ngome ya kwanza ni ngozi. Ngozi nzima, isiyo na mchubuko, hupitisha vijidudu vichache mno. Sehemu za siri, hata hivyo, pamoja na kinywa na njia ya haja kubwa, zimetandikwa utando laini wenye unyevu, ambao ni mwembamba kuliko ngozi ya mkono. Utando huo hutoa ute unaonasa vijidudu, na ute huo una viini vya kuviangamiza.

Ndani ya uke wa mwanamke mwenye afya huishi pia bakteria wema, ambao hutengeneza asidi ile ile inayochachusha maziwa yakawa mtindi. Asidi hiyo huwazuia wageni wengi wabaya kustawi. Hapa tuna neno la moja kwa moja kwa mnunuzi: sabuni za kuosha ndani ya uke, shabu, ndimu na poda za kukausha, hata zikiuzwa katika chupa nzuri yenye picha ya ua, huwaua walinzi hao na kuuchubua utando. Nje huoshwa kwa maji safi. Ndani hujisafisha penyewe, na hapahitaji bidhaa ya mtu yeyote.

Adui akivuka ukuta, hukutana na walinzi wa zamu, yaani aina fulani za seli nyeupe za damu. Hawa hawamuulizi mgeni jina lake. Hummeza yeyote wasiyemtambua kuwa wa nyumbani, na hupiga mbiu kwa kemikali zinazotanua mishipa ya damu ili wenzao wafike upesi. Ndiyo maana mahali penye maambukizi huwa pekundu, pa moto, pamevimba na panauma. Usaha anaoutoa mwenye kisonono kwa sehemu kubwa ni maiti za askari hao, pamoja na vijidudu walivyovimeza. Mitoki inayojitokeza kwenye kinena ni tezi zilizojaa askari wanaoongezeka. Hata homa ina kazi yake, kwani vijidudu vingi hudhoofika joto linapopanda.

Ngome ya tatu huchelewa, lakini huchagua. Baada ya takriban wiki moja au mbili, seli nyingine nyeupe zinakuwa zimekwisha kujifunza sura ya adui huyu mahususi. Baadhi hutengeneza kingamwili, ambazo ni protini zinazomnata adui huyo na si mwingine. Nyingine huziwinda seli za mwili ambazo tayari zimetekwa. Vita vikiisha, wachache kati yao hubaki kwa miaka mingi wakiwa na kumbukumbu. Kwa sababu hiyo aliyeugua surua utotoni kwa kawaida haugui tena, na chanjo nazo hufanya kazi kwa njia hiyo: humwonyesha askari sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika.

Laiti magonjwa ya ngono yote yangekuwa kama surua, kijitabu hiki kisingehitajika.

Vijidudu vyenye hila

Kijidudu cha kisonono, ambacho mitaani huitwa gono, hubadilisha vazi lake la nje mara kwa mara. Kingamwili zilizotengenezwa leo humtafuta mtu mwenye sare ya jana. Matokeo yake ni kwamba kuugua kisonono hakumpi mtu kinga ya kudumu. Aliyepona mwezi wa tatu aweza kuugua tena mwezi wa nne, kutoka kwa mwenzi yule yule ambaye hakutibiwa. Wengi hufikiri kuwa dawa ya kwanza ilikuwa mbovu, ilhali dawa ilifanya kazi yake na nyumba ikaachwa wazi.

Klamidia huchagua kujificha. Huishi ndani ya seli zetu wenyewe, mahali ambapo kingamwili haziingii, na wanawake wengi walio nayo hawana dalili yoyote. Kinga haikosi kuigundua, ila hupigana nayo polepole, miezi kwa miezi, na vita virefu huacha makovu. Makovu hayo yakitokea ndani ya mirija ya uzazi, ambayo ni myembamba sana, njia ya yai huziba au hubaki na upenyo mdogo. Hapo ndipo wanapotokea mwanamke anayehangaikia ujauzito kwa miaka, na yule ambaye mimba yake hutunga nje ya mji wa mimba na kuyaweka maisha yake hatarini. Madhara hayo kwa sehemu kubwa hayatokani na sumu ya kijidudu. Ni askari wetu wenyewe walioharibu uwanja waliopigania.

Kaswende twaipa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowadanganya watu kwa ustadi kuliko yote. Wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, kidonda kimoja hujitokeza mahali kijidudu kilipoingilia. Hakiumi. Kwa mwanamke chaweza kuwa ndani, asikione kabisa. Kinga hukishambulia, na kati ya wiki ya tatu na ya sita kidonda hufunga chenyewe, pawepo dawa au pasiwepo.

Tafakari, msomaji, maana ya jambo hilo kwa soko la dawa. Mwenye kidonda akitafuna mizizi, kidonda kitapona. Akinywa vidonge vya rangi mbili viwili tu badala ya dozi kamili, kitapona. Akienda kwa mganga anayemwambia kuwa ametegwa, kwamba hilo ni tego la mume wa mtu, akalipa mbuzi na kuku, kidonda kitapona vilevile, na mganga atasifiwa mtaa mzima. Kila tiba iliyotumika katika wiki hizo itaonekana kuwa imeponya. Kijidudu, wakati huo, kimekwisha kuingia katika damu.

Majuma au miezi michache baadaye huja vipele, mara nyingi hata kwenye viganja na nyayo, pamoja na homa na mitoki. Navyo huondoka vyenyewe. Kisha hufuata kimya ambacho chaweza kudumu miaka mingi, na kwa baadhi ya watu kimya hicho huvunjwa na ugonjwa wa moyo, wa mishipa mikubwa ya damu, au wa ubongo. Kwa mwanamke mjamzito hali ni ya haraka zaidi, kwa kuwa kaswende hupita kwenye kondo la nyuma. Mimba huharibika, mtoto huzaliwa mfu, au huzaliwa akiwa mgonjwa. Na haya yote huzuilika kwa sindano ya penisilini, dawa ya miaka ya 1940, ambayo kijidudu cha kaswende hadi leo hakijaweza kuishinda. Ni mara chache katika tiba mtu kukuta ugonjwa mkubwa kiasi hiki ukiwa na dawa ya zamani na ya bei ndogo kiasi hiki. Kinachokosekana ni kipimo tu, nacho hutolewa kliniki ya wajawazito katika hudhurio la kwanza, pamoja na kile cha VVU.

Virusi vina tabia nyingine. Virusi vya malengelenge ya sehemu za siri hukimbilia ndani ya mishipa ya fahamu na kulala huko maisha yote. Kinga huvizuia visitoke, na mtu akichoka au akiugua hutoka tena. Dawa zipo za kupunguza ukali na kufupisha siku za vidonda, lakini yeyote anayeuza dawa ya kuving'oa kabisa anauza kisichokuwapo. Homa ya ini aina ya B ni mfano bora wa jinsi umri unavyobadilisha matokeo: mtu mzima aliyeambukizwa, mara 95 kati ya 100, kinga yake huvishinda virusi hivyo, mtoto mchanga aliyeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, mara 90 kati ya 100, hubaki navyo. Nchini mwetu watoto wamekuwa wakichanjwa dhidi ya ugonjwa huu tangu mwaka 2002, kwa hiyo mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo asidhani kuwa alichanjwa utotoni.

Kuhusu virusi vya papiloma, visababishavyo saratani ya mlango wa kizazi, kinga ya mwili yastahili sifa. Maambukizi mengi huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka miwili, na mwanamke hajui kamwe kuwa alikuwa nayo. Tatizo ni yale machache yanayong'ang'ania. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zilizo nyuma ya visa vipatavyo 70 kati ya 100 vya saratani hiyo. Tanzania ilianza kutoa chanjo yake nchi nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uamuzi wa dozi moja haukuwa wa kubana matumizi pekee. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ulionyesha kwamba hata dozi moja huamsha kingamwili zinazodumu. Wazazi wanaouliza kwa nini binti achanjwe kabla hajafikia umri wa mahusiano wanapaswa kukumbuka habari ya kumbukumbu ya askari: chanjo humfundisha askari asiyewahi kumwona adui. Haimwondoi adui aliyekwisha kuingia.

Adui anayewashambulia makamanda

Virusi vya UKIMWI vilijulikana kuwapo nchini mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza walipotambuliwa mkoani Kagera. Upekee wa virusi hivi ni kwamba seli vinazozipenda ni zile zinazoitwa CD4, ambazo ndizo makamanda wa jeshi lote tulilolieleza. Ndizo zinazowaamuru wengine watengeneze kingamwili, na ndizo zinazowachochea wawindaji. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli hizi 500 hadi 1,500 katika tone dogo sana la damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Bila matibabu hupungua mwaka hadi mwaka, na zikishuka chini ya 200, magonjwa ambayo mtu mwingine angeyashinda bila kujua humwangusha.

Kifua kikuu ndicho cha kwanza kati ya hayo. Watu wengi hubeba kijidudu chake kikiwa kimefungiwa ndani ya mapafu na ukuta wa seli za kinga. Makamanda wakipungua, ukuta hubomoka. Wakazi wa Morogoro mmezoea kusikia habari za panya buku wanaofundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa makohozi, na pengine mmecheka kidogo. Panya hao hubaini sampuli ambazo hadubini imezipita, na sampuli hizo huthibitishwa tena maabara. Mwenye VVU anayekohoa asingoje panya wala hadubini imtafute, aende.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo muhimu kuliko yote katika somo hili, nalo halijulikani vya kutosha. Tulisema kwamba penye kidonda au usaha kinga hupeleka askari wengi. Miongoni mwao wamo hao CD4. Hivyo mtu mwenye kisonono au kidonda cha sehemu za siri, akikutana na VVU, anakuwa amewafungulia mlango, na tena amewakusanyia mlangoni zile seli wanazozitafuta. Naye mwenye VVU akiwa na usaha hutoa virusi vingi zaidi. Ulinzi wenyewe umegeuka mtego.

Je, hili ni nadharia tu? Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti mkoani Mwanza walichukua jamii 12. Katika sita kati ya hizo waliimarisha tiba ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida: watumishi walipewa mafunzo, dawa zikahakikishwa kuwapo, wagonjwa wakaelimishwa kuja mapema. Sita nyingine zilisubiri. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa watu 12 katika kila 1,000 kwenye jamii za kwanza, na 19 katika kila 1,000 kwenye zile zilizosubiri. Tofauti ya takriban asilimia 40. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yaliifanya Mwanza ijulikane duniani kote. Ni haki tuseme pia kwamba jaribio la Rakai nchini Uganda, ambako watu wote waligawiwa dawa kila baada ya miezi kumi bila kujali dalili, halikuonyesha upungufu kama huo. Wataalamu wamejadili sana sababu, ikiwamo hatua ambayo ugonjwa ulikuwa umefikia katika kila nchi. Kwa mtumiaji wa kawaida, somo tunaloliona ni la vitendo: kutibiwa mapema kila dalili inapotokea hakufanani na kumeza dawa mara moja kwa mwaka ili kujihakikishia.

Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure katika huduma za serikali mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa mara moja, bila kungoja CD4 zishuke. Mtu azitumiaye kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya ngono. Sentensi hiyo imethibitishwa, na tunaomba isomwe mara mbili.

Kipimo husoma nini

Vipimo vingi vya haraka, vile vya kijiti na tone la damu, havimtafuti kijidudu. Huzitafuta kingamwili, yaani nyayo za askari. Kwa kuwa askari huchelewa kujifunza, kuna majuma ya mwanzo ambamo mtu ameambukizwa, tena anaambukiza kwa kasi kubwa, huku kijiti kikionyesha kuwa hana. Kwa VVU hatuna budi kupima tena baada ya miezi mitatu tangu siku ya hatari. Yule aliyepata ajali ya aina hiyo jana asikimbilie kijiti, akimbilie kituo cha afya: dawa za kuzuia maambukizi zipo, na sharti zianzwe ndani ya saa 72.

Kwa kaswende kuna mkanganyiko wa upande wa pili. Kipimo cha kijiti kilichozoeleka huendelea kuonyesha kingamwili maisha yote, hata kwa mtu aliyetibiwa akapona kabisa. Ndoa zimetikiswa kwa mstari mmoja wa kijiti ambao maana yake ilikuwa tu kwamba mtu aliwahi kuugua zamani. Tunza kadi yako ya matibabu na uionyeshe; tabibu anacho kipimo kingine kinachoonyesha kama ugonjwa ungali hai.

Marekebisho ya sheria ya UKIMWI yaliyopitishwa mwaka 2019 yaliruhusu mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kujipima VVU mwenyewe, na kijana wa miaka 15 kupimwa kituoni bila kuhitaji ridhaa ya mzazi. Anayejipima azingatie mambo mawili: kipimo kiwe ndani ya muda wake wa matumizi na pakiti isiwe imefunguliwa, na jibu lolote la kuwa na maambukizi lithibitishwe kituoni kabla ya kuliamini. Majibu ya kituoni ni siri yako kisheria. Mtumishi hana ruhusa ya kumwambia jirani, wala mwajiri, wala mama mkwe.

Kwenye kaunta ya duka

Mpango wa maduka ya dawa muhimu, uliochukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi, ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuupokea. Maduka hayo yanaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa, zikiwamo antibiotiki chache, kwa cheti cha tabibu. Si mahali pa kupimiwa ugonjwa wa ngono, na si mahali pa kuchomwa sindano. Muuzaji mwema atakuelekeza zahanati hata kama anapoteza mauzo. Huyo ndiye wa kumrudia siku nyingine.

Kisonono ndicho kinachotufundisha kwa nini. Miaka ya 1930 kilitibiwa kwa dawa za salfa, kikazizoea. Ikaja penisilini, baada ya miongo michache ikashindwa. Tetrasaiklini ikashindwa, siprofloksasini ikashindwa, na leo tegemeo kubwa la dunia ni sindano ya seftriaksoni. Kila anayemeza nusu ya dozi huua vijidudu dhaifu na kuwabakiza wenye nguvu, ambao kinga yake peke yake haiwezi kuwamaliza, kisha huwapeleka kwa mwingine. Anayenunua leo kile alichonunuliwa rafiki yake miaka kumi iliyopita ananunua silaha ambayo adui ameshaizoea. Zaidi ya hayo, mwanamume mwenye usaha mara nyingi huwa na kisonono na klamidia kwa pamoja, na dawa ya kimoja haitoshi kwa cha pili. Ndiyo sababu zahanati humpa aina mbili, naye hudhani amezidishiwa.

Mwenzi naye lazima atibiwe, hata kama hana dalili. Tabibu akikupa kijikaratasi cha kumwita, usikiweke mfukoni kikafuliwa pamoja na suruali. Tunajua mazungumzo hayo ni magumu. Ikiwa unahofia kupigwa au kufukuzwa nyumbani, mwambie mtoa huduma kabla ya kumwambia mwenzi. Zipo njia za kumwita bila kukutaja.

Bidhaa za kupandisha kinga

Yeyote aliyewahi kukaa ndani ya basi pale stendi ya Msamvu, likingoja kuondoka kwenda Dodoma, Iringa au Dar es Salaam, amemsikia muuzaji anayepanda na chupa yake. Dawa hiyo husafisha damu, hupandisha kinga, huondoa gono sugu, kaswende, presha, kisukari na uchovu wa mgongo. Ukiuliza kinga ipi inapandishwa, kati ya zile tulizozieleza, hutajibiwa, na basi litaondoka.

Hatusemi kwamba chakula hakina maana. Mwili uliokosa protini na vitamini hutengeneza askari dhaifu, na katika hilo mji wetu umebahatika: mboga na karoti za Mgeta, ndizi za Matombo, maharage na dagaa wa sokoni hufanya kwa bei ndogo kile ambacho kopo la unga wa kigeni huahidi kwa bei kubwa. Majani ya mlonge ni mboga njema. Lakini hakuna chakula, unga wala chai iliyothibitika kumwondoa kijidudu cha kaswende katika damu au kuvishinda VVU. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania na majirani zetu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichouzwa shilingi 500. Bei ya kikombe ilikuwa ndogo. Gharama ililipwa na wale walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Virusi vilivyokuwa vimelazwa viliamka, na makamanda wakaanza tena kuanguka.

Ikiwa unatumia dawa ya asili kwa sababu yoyote, mweleze tabibu bila kuogopa kukaripiwa, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hupunguza nguvu ya dawa za hospitali. Na ikiwa umeuziwa bidhaa inayodai kutibu VVU au magonjwa ya ngono yote kwa pamoja, usiitupe. Ihifadhi pamoja na chupa au pakiti yake, lebo na risiti, andika tarehe na mahali uliponunua, uipeleke kwa mfamasia wa manispaa au kwenye ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bila pakiti, mkaguzi huwa na maneno tu mkononi. Akiwa nayo, husoma namba ya usajili, kama ipo, na jina la aliyeitengeneza.